Kuhami, Kupoza na Kuzimua: Joto la Bomba la Moshi katika Jahazi Lenye Injini

Utangulizi

Moto si mgeni katika chombo cha mbao. Kabla ya injini kufika katika pwani ya Afrika Mashariki, mabaharia wa majahazi walipika papo hapo chomboni, katika safari za siku nyingi, juu ya mbao zilizozibwa mianya yake kwa kalafati ya pamba na kupakwa mafuta ya sifa mwaka baada ya mwaka. Jiko lao lilikuwa sanduku lililojazwa mchanga au udongo, na kuni ziliwashwa juu ya mchanga huo. Mpishi hakuhitaji kusomea fizikia ili ajue kwamba mchanga mkavu hupitisha joto shingo upande: juu yake wali ungetokota, ilhali mbao zilizokuwa chini ya sanduku zilibaki za kukanyagika kwa mguu mtupu.

Injini ilipoingia, moto uliondoka mikononi mwa mpishi ukahamia ndani ya bomba la chuma. Isitoshe, ulishuka chini, upande wa tezi, mahali ambapo hewa haipiti vyema, na ambapo ngama aghalabu huwa na maji yaliyochanganyika na dizeli. Makala hii inanuia kueleza jinsi joto la bomba hilo linavyodhibitiwa. Papo hapo, inakusudia kuonyesha kwamba maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili hutegemea vitenzi vitatu ambavyo ni rahisi kuvichanganya, navyo ni kuhami, kupoza na kuzimua. Atakayevichanganya katika insha ya darasani atapoteza alama. Atakayevichanganya katika maelezo ya fundi anaweza kukiteketeza chombo.

Yamkini msomaji atauliza, bomba la moshi lina uhusiano gani na idara ya Kiswahili? Swali hilo ni halali. Msamiati wa tanga umeshughulikiwa kwa heshima inayostahili. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 imesheheni maneno ya ubaharia, na A. H. J. Prins aliandika kitabu kizima, Sailing from Lamu (1965), kuhusu utamaduni wa bahari wa visiwa hivyo. Foromali, demani, joshi, mkuku na taruma ni maneno ambayo mwanafunzi anaweza kuyapata kamusini hata kama hajawahi kuiona bahari. Lakini jahazi la leo lina sehemu ya pili ambayo haijabahatika hivyo. Anayeshuka chini ya sitaha hadi kwenye injini, au mashini kama waitavyo mabaharia wengi, hujikuta katika lugha ya gereji iliyokopwa bila kuchekechwa. Hapo ndipo maisha ya watu yanapotegemea maelezo kueleweka.

Bomba na majina yake

Majina mawili yanashindana. Mafundi wa magari husema ekzosi, na wale wa mashua wamelichukua neno hilo pamoja na vyuma vyenyewe, kwa kuwa mara nyingine injini ya chombo ilianza maisha yake ndani ya lori. Jina la pili ni dohani, neno lenye asili ya Kiarabu ambako lina maana ya moshi, na ambalo Kiswahili kimelitumia kwa mabomba ya moshi ya majiko na ya meli. Si lazima moja limfukuze mwenzake. Katika makala hii ekzosi ni mfumo wote unaoutoa moshi injinini hadi nje, nayo dohani ni bomba kavu linalopanda wima na kupenya sitaha.

Tofauti hiyo ina umuhimu wake, kwa maana zipo njia mbili za kuutoa moshi wa injini ya ndani. Katika njia ya kwanza, moshi husafiri ndani ya bomba kavu la chuma mpaka nje. Katika njia ya pili, maji ya bahari yaliyokwisha kuipoza injini huingizwa ndani ya bomba lenyewe, yakachanganyika na moshi, na vyote viwili vikatoka pamoja upande wa tezi. Aliyewahi kusimama gatini akaona chombo kikitema maji kwa vipindi huku injini ikinguruma ameiona njia hii ya pili.

Joto lenyewe ni la kiasi gani? Injini ya dizeli hugeuza takriban thuluthi moja tu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta kuwa kazi ya kuzungusha rafadha. Sehemu kubwa ya iliyobaki hugawanywa kati ya maji ya kupoza na moshi. Injini inapofanya kazi nzito, tuseme inapokisukuma chombo dhidi ya upepo wa kusi, moshi huweza kutoka ukiwa na joto la digrii 400 hadi 600 za Selsiasi. Dizeli iliyotoneka juu ya kitu chenye joto linalozidi kidogo digrii 200 inaweza kuwaka yenyewe bila ya cheche. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, unaojulikana kama SOLAS, unaagiza kwamba sehemu zenye joto linalozidi digrii 220 ambazo mafuta yanaweza kuzirukia sharti zizongwe kwa kihami. Ikumbukwe kwamba mkataba huo haumlazimishi mwenye jahazi. Pamoja na meli za mizigo za chini ya tani 500, umeziacha nje meli za mbao ambazo waandishi wake waliziita za ujenzi usioendelea, maelezo ambayo fundi wa Matondoni ana haki ya kuyakunjia uso. Chombo kilichoachwa nje ya mkataba hakikuachwa nje ya kanuni za moto.

Na mbao? Mbao zinazopata moto kwa ghafla huhitaji joto kubwa kabla ya kuwaka, zaidi ya digrii 250. Hapa ndipo wengi wanapohadaika. Mbao zilizokaa karibu na bomba kwa miezi na miaka, zikipata joto la digrii 100 au 150 tu kila injini iwashwapo, hubadilika kidogo kidogo. Hukauka kupita kiasi, zikawa za kahawia, kisha nyeusi, na kiwango cha joto kinachohitajika ili ziwake hushuka. Kiswahili kina kitenzi mahsusi cha hali hii: kufukuta. Mbao haziwaki, zinafukuta ndani kwa ndani. Mwenye chombo anayejitetea kwamba bomba limepita hapo kwa miaka kumi bila madhara anasema kweli, lakini miaka hiyo kumi ndiyo iliyoziandaa mbao zake.

Vitenzi vitatu

Tuanze na kuzimua, kwa sababu ndicho kitenzi kilichosahauliwa zaidi. Kuzimua ni kutia maji baridi katika maji ya moto ili kuupunguza ukali wake, kama afanyavyo mama amwogeshaye mtoto. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi ekzosi ya maji. Maji ya bahari yanapokutana na moshi wa digrii 400, sehemu yake hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko hufyonza joto jingi mno. Sentimita chache baada ya makutano hayo, moshi umeshuka hadi digrii 50 au 60 hivi. Kuanzia hapo bomba la chuma halihitajiki tena, mpira ulioimarishwa kwa nyuzi unatosha. Tukisema kwamba moshi umepozwa hatutakuwa tumekosea, lakini tukisema umezimuliwa tutakuwa tumeeleza pia namna: kwa kuchanganya.

Kupoza kwenyewe ni pana. Ni kuliondoa joto katika kitu kwa njia yoyote ile, iwe kwa upepo, kwa maji yazungukayo nje au kwa kukiacha tu kipoe. Maji yanayopita ndani ya mifereji ya injini huipoza injini bila ya kuchanganyika na kilichomo.

Kuhami ni kinyume cha hayo mawili, na hili ndilo lisilotambuliwa. Kihami hakipozi. Bomba lililozongwa kwa kihami huwa na joto zaidi kuliko lilivyokuwa likiwa tupu, kwa sababu joto lililokuwa likikimbilia chumbani sasa limezuiliwa litoke na moshi hadi nje. Kinachobaki na ubaridi ni kila kitu kingine: taruma, betri, mipira ya mafuta na mkono wa fundi. Jiko la kauri linalotumiwa katika nyumba nyingi za Kenya linaonyesha jambo lilo hilo. Kauri iliyo ndani haiyafanyi makaa yapoe. Huyafanya yawe makali zaidi, huku bati la nje likipunguziwa joto.

Basi na tumfikirie mtafsiri aliyepewa kijitabu cha injini akifasiri kwa Kiswahili. Anakutana na agizo kwamba bomba lote lililo kavu lihamiwe. Kwa kuwa anajua tu kwamba jambo linahusu joto, anaandika, "Poza bomba." Fundi mtiifu anachukua ndoo ya maji ya bahari na kulimwagia chuma cha kalibu kilichochemka kwa mamia ya digrii, na chuma hicho kinapasuka. Mtafsiri wa pili anaandika, "Funika bomba." Fundi wa pili analifunika kwa kilicho karibu, gunia. Mtafsiri wa tatu anaandika, "Kinga bomba," na hapo anazua utata wa aina nyingine, kwani kukinga ni kuzuia na pia ni kupokea, kama vile kuyakinga maji ya mvua kwa pipa. Hakuna kati yao aliyetumia neno lisilo la Kiswahili sanifu.

Hata kuhami kwenyewe kuna mtego. Kitenzi hiki kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kulinda kisidhurike: watu huhami nchi, huhami mali, huhami heshima. Yambwa yake ni kile kilichomo hatarini. Kwa mantiki hiyo, "kuhami bomba" ni kulilinda bomba, ilhali bomba ndilo adui na kinacholindwa ni jahazi. Kiingereza hakina tatizo hili, maana kitenzi chake kimetokana na neno la Kilatini insula, yaani kisiwa. Kukihami kitu kwa mtazamo huo ni kukitenga, kukifanya kisiwa, na haidhuru iwapo kilichotengwa ni rafiki au adui. Istilahi za fizikia zimeshalizoesha neno kihami, na si busara kulitupa. Linalowezekana ni kuiunda sentensi vizuri zaidi: "Zonga bomba kwa kihami ili mbao zisipate joto." Kuzonga kunaeleza kitendo cha mikono, kihami kinataja kifaa, na yambwa ya hatari imetajwa wazi. Sentensi imerefuka kwa maneno machache, lakini haiwezi kumpeleka fundi kwenye ndoo wala kwenye gunia.

Namna ya kuzonga

Joto lina njia tatu za kutoka katika bomba. Hupita ndani ya kitu kilichogusana nalo, huchukuliwa na hewa inayopanda, na hurushwa kama miale, njia ambayo wanafizikia huiita mnururisho. Kihami kizuri huzishughulikia zote tatu. Kiini chake huwa ni nyuzi laini zilizonasa hewa, na hewa tulivu ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa maana nyuzi zipo hasa kuizuia hewa isitembee. Karatasi au bati la alumini linalong'aa upande wa nje hupunguza mnururisho.

Nyenzo zilizo madukani hutofautiana. Utepe uliofumwa kwa nyuzi za kioo hustahimili takriban digrii 500, pamba ya mawe hustahimili zaidi, na nyuzi za kauri hupita digrii 1000. Utepe mpya hutoa moshi unapopata joto mara ya kwanza, kwa kuwa unga na gundi za kiwandani zinaungua. Hilo lisimtie mtu hofu, ila asilale chomboni usiku huo. Safu yenye unene wa sentimita 5 huweza kuushusha uso wa nje kutoka mamia ya digrii hadi chini ya 100. Hata hivyo, huo bado si uso wa kuegemewa.

Kihami cha zamani kilikuwa asbesto. Iliaminika kwa miongo mingi, na ilistahili kuaminika kwa upande wa moto: haiungui, hupindika kama kitambaa, na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Katika injini kuukuu iliyonunuliwa ng'ambo, kamba ya kijivujivu iliyozongwa kwenye bomba na kupakwa rangi huweza kuwa asbesto. Fundi anayeikwangua kwa kisu akiwa amejikunyata mahali pasipo na upepo hataona dhara lolote siku hiyo. Dhara huchukua miaka 20 au zaidi kujitokeza, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kamba. Ikishukiwa, isichanwe wala kupulizwa. Ilowanishwe maji, ifungiwe ndani ya plastiki, na iondolewe na wenye ujuzi na vifaa vya kazi hiyo.

Kihami kina maadui wawili, maji na mafuta. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo pamba iliyoloa si kihami tena. Isitoshe, maji ya bahari yakikauka huacha chumvi iliyobanana na chuma, nayo chumvi hiyo hula hata chuma kisichoshika kutu kirahisi. Mafuta ni hatari zaidi. Dizeli ikitonea kwenye nyuzi hufyonzwa na kusambaa kama mafuta ya taa katika utambi, na utambi huo umezungushiwa chuma chenye joto la kuuwasha. Kwa sababu hii kihami huvikwa bati jembamba au kitambaa kilichopakwa silikoni, na sehemu yoyote iliyokwisha kulowa mafuta hubadilishwa. Kuikausha juani hakutoshi.

Wenye ekzosi ya maji hujiona wamesalimika na haya yote. Hawajasalimika. Kati ya injini na kiwiko ambamo maji huingia kuna kipande kifupi ambacho ni kikavu, na ndicho chenye joto kuliko vyote. Kipande hicho kinataka kihami vilevile. Kiwiko nacho huliwa kutoka ndani na mchanganyiko wa chumvi, joto na asidi za moshi, hivyo huwa hakionyeshi dalili mpaka kitoboke. Tena kuzimua hutegemea maji kufika. Mfuko mmoja wa plastiki ukinasa kwenye tundu la kuvutia maji, na bahari bado ina mifuko mingi licha ya Kenya kuipiga marufuku mwaka 2017, mpira hubaki peke yake na moshi wa digrii 400. Huanza kuungua katika muda wa dakika chache tu.

Mahali dohani inapopenya sitaha

Katika jahazi lenye bomba kavu, hakuna sehemu inayostahili uangalifu kuliko tundu la sitaha. Kishawishi cha seremala ni kulitoboa tundu lilingane sawasawa na bomba, kisha aizibe mianya kwa kalafati ili mvua isiingie. Ni ustadi aliourithi, na kwa miaka mingi umekizuia chombo kisizame. Hapa ustadi huo hugeuka kuwa hatari. Bomba la chuma la mita 2 likipata joto la digrii 400 juu ya lilivyokuwa hurefuka kwa karibu sentimita moja. Likibanwa, litazisukuma mbao au litajipasua kwenye kiungo. Nayo pamba ya kalafati yenye mafuta, iliyogusana na chuma hicho, haihitaji maelezo.

Kinachofanywa ni kutoboa tundu pana zaidi, kulizungushia kola ya bati, na kuacha nafasi kati ya kola na bomba ili hewa ipande kwa uhuru. Kofia ya bati iliyoshikizwa kwenye bomba lenyewe, juu ya kola, ndiyo inayoizuia mvua bila ya kugusa sitaha. Hapa maana ya kisiwa inarejea kwa nguvu zake zote: bomba limetengwa pande zote na halina jirani. Chini ya sitaha, bomba huning'inizwa kwa vishikizo vinavyocheza, na karibu na injini huwekwa kipande chenye mikunjo kinachomeza mtikisiko.

Jambo linalosahauliwa baada ya kazi kukamilika ni kwamba kihami huficha. Bomba tupu likipata ufa, moshi huonekana na mtu hukohoa. Bomba lililozongwa huuvujisha moshi kidogo kidogo kupitia kwenye nyuzi, ukachujwa masizi yake, kisha ukaingia chumbani ukiwa na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mabaharia waliolala chini wakati nahodha anasafiri usiku kwa injini huamka na kichwa kizito, au hawaamki. Kwa hiyo kihami cha chombo hufungwa kwa waya au kwa vifungo ili kifunguliwe, na fundi hukifungua bomba likiwa limepoa, angalau kila msimu kabla ya chombo kurudi majini. Anachotafuta ni alama nyeusi za masizi upande wa ndani wa kihami, hasa penye viungo na gasketi. Akiiona alama kama hiyo, hazongi tena hapo mpaka gasketi ibadilishwe, hata kama abiria wamekwisha kupanga mizigo yao gatini na maji yameanza kupwa.